Ruta Kumi na Mbili za Kariakoo

Winga aliyenidaka karibu na Mtaa wa Aggrey alikuwa kijana mwembamba, kofia kaigeuzia kisogoni. "Dada mkubwa, unatafuta nini nikupeleke kwenye bei ya jumla?" Nikamwambia ruta kumi na mbili za aina moja, za kuunganisha mtandao wa kijiji chetu. Akanipandisha ngazi za ghorofa jembamba hadi kwenye duka lisilozidi upana wa kitanda. Muuzaji akanitolea ruta niliyokuwa nikiiota wiki nzima: nyeupe, antena mbili, jina lake linajulikana kila nyumba yenye intaneti. Niliipindua nikasoma stika ya chini. Toleo la 13. Moyo ukatulia, maana usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimesoma kwamba toleo hilo lina hifadhi ya MB 8 na RAM ya MB 64, na linapokea OpenWrt, ile programu huria ya kuendeshea ruta badala ya ile ya kiwandani, bila ugomvi. Nikalipa, nikakabidhiwa maboksi kumi na mawili yamefungwa kwa nailoni, nikapanda basi la kurudi Lushoto nimeyapakata kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikafungua la kwanza. Toleo la 14. La pili, la 14. Yote kumi na mawili. Ile niliyoipindua dukani ilikuwa ya maonyesho.

Kwa asiyejua, tofauti ya 13 na 14 haionekani. Boksi ni lile lile, jina lile lile, antena zile zile, bei ile ile. Ndani, hifadhi imeshuka hadi MB 4 na RAM hadi MB 32. OpenWrt ya wakati ule, mwaka 2019, iliingia humo kwa kujibana, na ikishaingia hakuna nafasi ya kuongeza kitu kingine. Sisi tulihitaji kuongeza batman-adv, ile programu inayozifanya ruta zitafutane zenyewe na kupitishiana mzigo. Haikuingia. Nilijaribu siku tatu, nikiondoa hiki na kile, hadi nikabaki na ruta isiyo hata na ukurasa wa kuiendeshea.

Sitaitaja kampuni, kwa sababu nyingi hufanya hivyo, na si jambo la jana. Ruta ya Linksys WRT54G ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2002, na ni kutokana na programu yake kuwekwa wazi kwamba OpenWrt ilizaliwa mwaka 2004. Mwaka 2005 likatoka toleo lake la 5 lenye hifadhi ya MB 2 na RAM ya MB 8, nusu ya toleo lililotangulia, na mfumo wa Linux, ambao OpenWrt inautegemea, ukiwa umeondolewa. Ndipo ikaletwa WRT54GL, L ikiwa ya Linux, kwa ajili ya wale waliotaka kuichokonoa. Historia hii nilikuwa naijua. Nilikuwa hata nimewafundisha wanafunzi wa klabu yetu ya kompyuta. Lakini kupindua maboksi kumi na mawili, moja baada ya jingine, huku winga anakuhimiza kwamba ana mteja mwingine anasubiri chini, kunataka macho makavu, na siku ile mimi sikuwa nayo.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja huko juu ya Soni, milima ya Usambara. Kwetu ni matuta na mabonde. Simu inashika vizuri ukisimama karibu na msikiti, ukishuka hatua hamsini kuelekea mtoni inakata. Shule ilikuwa na laini moja ya intaneti, zahanati iko upande wa pili wa bonde, ofisi ya kata iko kwenye tuta la tatu. Wazo letu lilikuwa dogo: laini ile moja ilipiwe kwa kuchangia, na shuleni tuweke kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Kiwix, programu ya kusomea kurasa bila intaneti, ndani yake Wikipedia ya Kiswahili na mitihani ya zamani ya kidato cha nne, ili hata bando likiisha mtoto afungue masomo akiwa kwao. Hatukuwa wa kwanza. Kibera wapo TunapandaNET, na huku kwetu Dodoma upo mtandao wa jamii wa Kondoa. Habari za leseni na masafa sitaziingia hapa. Ninachosema ni kwamba ofisi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, utembelee kabla ya kusimamisha nguzo, si baada.

Mtandao wa meshi, yaani huo wa ruta zinazopokezana, unaeleweka kijijini kuliko unavyoeleweka mjini. Ni kama habari ya msiba inavyosafiri: huyu anamwambia jirani, jirani anamwambia jirani, na mmoja akiwa shambani habari inapita kwa mwingine. Ila mfano huo huo ndio unaoonyesha tatizo. Mtu hawezi kusikiliza na kusimulia kwa wakati mmoja, na ruta yenye redio moja, yaani chombo kimoja cha kurusha na kupokea mawimbi, haiwezi pia. Kila inapopokea, inanyamaza. Kila inapopitisha, haisikii. Kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu kila hatua. Ukianza na megabiti 20, nyumba ya pili inapata kumi, ya tatu tano, na ya nne inaanza kukulalamikia wewe mwalimu.

Hapo ndipo ruta zangu kumi na mbili zilipookoka. Kama meshi yenyewe ingeshuka bonde na kupanda tuta kwa ruta za redio moja, tungekuwa tumejenga foleni. Tukagawa kazi. Kutoka tuta hadi tuta tuliamua kutumia redio za nje zenye kulenga, za GHz 5, mbili mbili zikitazamana. Kwenye kila kitongoji ndipo pangekuwa na meshi ndogo ya GHz 2.4, hatua mbili, basi. Na ndani ya majengo, pale ambapo kebo inafika, zile toleo la 14 zikawekwa zikiwa na programu yake ya kiwandani, kazi yake ni kumwaga waifai tu. Kazi hiyo zinaifanya vizuri. Saba bado zinafanya. Kwa hiyo nikisema nilitapeliwa nitakuwa naongopa kidogo. Nilinunua kitu kizuri kwa kazi ambayo sikuwa nayo wakati ule.

Redio za nje mpya zilinitoa jasho. Nilipiga hesabu ya jozi nne nikafunga daftari. Kilichotuokoa ni kwamba redio za namna hii zina maisha mawili. Kampuni za intaneti zikihamia faiba, au hoteli ikifanya ukarabati, zile za zamani zinashushwa na kurundikwa stoo. Mjomba wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa fundi umeme kwenye hoteli moja ya pwani. Akapiga simu: "Mwalimu, kuna vile vidude vyeupe kama chupa ya uji, wanataka kuvitupa." Zilikuwa NanoStation M5 na Loco, tisa kwa jumla. Tulizichukua zote kwa shilingi 450,000, na meneja akatuandikia karatasi yenye mhuri. Karatasi hiyo usiidharau. Redio ya mtumba inayouzwa mtaani ikiwa bado na jina la mtandao wa mtu, na muuzaji hajui imetoka wapi, mara nyingi kuna nguzo mahali fulani iliyobaki uchi. Mimi za namna hiyo naziacha, hata zikiwa bei ya soda.

Tangu siku hiyo nina mkoba wa ukaguzi, na sinunui redio ya mtumba bila mkoba huo. Ndani kuna laptopu, injekta ya volti 24 (ya kupitishia umeme kwenye kebo ya mtandao), kipande cha kebo nzuri ninachokiamini, betri ndogo, multimita na pini ya karatasi ya kubonyezea kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Lakini kabla ya kuwasha chochote naitikisa redio karibu na sikio. Wauzaji hunicheka. Redio iliyokaa nguzoni miaka mitano ni nyumba: sisimizi hutaga humo, nyigu hujenga kwa udongo, mjusi huingia akafia humo. Ukisikia mchakacho, fungua kwanza. Kisha natazama meno ya shaba kwenye tundu la kebo. Yakiwa na kutu ya kijani, maji yameshafika, na kilichofika huko hakikuishia mlangoni. Baada ya hapo ndipo naiwasha, naiacha dakika ishirini ipate moto, na naunganisha mbili zitazamane pale pale dukani au stoo. Redio inaweza kuwaka taa zote na isisikie kitu, kwa sababu radi ya mbali imeshaua sehemu ya kupokea tu.

Kati ya zile tisa, sita zilikuwa nzima. Ya saba niliiharibu mimi. Bodi za NanoStation za mfululizo ule ziko za aina mbili, XM na XW, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Programu ya hii si ya ile. Mimi nilikuwa nimezoea, ilikuwa saa tano usiku, nikaflashi, yaani nikapandikiza, programu ya XM kwenye XW. Taa zikazima. Niliirudisha uhai siku ya pili kwa TFTP, njia ya kutuma faili kwa kebo: unabonyeza kitufe huku unaiwashia umeme, unashikilia hadi taa zianze kupokezana, kisha unaitumia programu sahihi kwenye anwani 192.168.1.20. Iliamka. Lakini usiku ule nililala nikijua nimechoma michango ya watu, na tangu hapo kila redio ina kipande cha plasta mgongoni kilichoandikwa kwa kalamu aina ya bodi, tarehe na jina la aliyeiflashi. Jina ndilo linalofanya mtu asome mara mbili.

Sasa nije kwenye kebo, maana hapa ndipo hela yetu nyingi ilipopotelea, na hakuna aliyenionya.

Miezi mitatu baada ya kuwasha, redio ya zahanati ilianza kuzima na kuwaka yenyewe kila jioni. Mchana inakaa nzima. Ikifika saa moja usiku, watu wakirudi nyumbani na kuanza kuitumia, inazima, inawaka, inazima. Tulibadilisha redio. Tukabadilisha betri. Mhudumu wa zahanati, mama mmoja mvumilivu, alianza kuniita "fundi wa jioni". Tulikuwa tumelaumu kila kitu isipokuwa kile kitu cha kijivu kilichotoka kwenye betri kupanda paani, mita 40, kwa sababu kebo ni kebo.

Boksi lile la mita 305 nilikuwa nimelinunua kwa chini ya nusu ya bei ya boksi jingine lililokuwa pembeni yake. Juu limeandikwa Cat5e, daraja la kebo ya mtandao, kama mwenzake. Muuzaji aliniambia kopa tupu, yaani shaba. Ilipofika jioni ya nne ya kusumbuka, nikachukua wembe nikakwangua waya mmoja. Juu mwekundu, ndani mweupe. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba kama keki iliyopakwa rangi. Nikaukunja mara chache kwa vidole, ukakatika.

Nikaigeuza kuwa praktiko ya kidato cha tatu. Kebo ya namna hii tunapitisha umeme kwa jozi mbili: ya bluu inapeleka chanya, ya kahawia inarudisha hasi. Wanafunzi walipima kwenda na kurudi kwa mita 40 za shaba halisi wakapata omu 3.4, kwa ile yetu ikazidi 5. Tofauti inaonekana ndogo hadi uipe kazi. Redio ya wati 6 kwa volti 12 inavuta nusu ampia. Nusu mara tano na ushee, unapoteza zaidi ya volti mbili na nusu njiani. Betri ikiwa imeshuka jioni hadi 11.8, kule paani inafika kama 9. Watu wakianza kutumia, redio inataka zaidi, volti zinaanguka zaidi, inazima. Ikizima haivuti kitu, volti zinapanda, inawaka. Darasa zima lilicheka lilipoona linavyozunguka. Mimi nilicheka baadaye.

Dawa ya muda ilikuwa kibodi, yaani bodi ndogo ya umeme, cha XL6009, kinachopandisha volti, tukakiweka chini kwenye betri. Kwa volti 24 mkondo ni nusu, kwa hiyo volti zinazopotea njiani ni nusu, na nguvu inayopotea ni robo. Kebo ikaendelea miezi kadhaa. Halafu jua likaimaliza. Ganda la kijivu ni la ndani ya nyumba. Nje linapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na maji hayo hayabaki juu, yanateremka ndani ya ganda mita zote 40 hadi yamwagike kwenye swichi mezani. Nimeyaona kwa macho yangu, matone yakitoka kwenye kichwa cha kebo kama bomba bovu. Siku hizi nanunua kebo nyeusi ya nje ya shaba, kwa mita kama boksi zima limenishinda, na wembe uko mkobani. Muuzaji akikataa nisikwangue ncha, tumeshamalizana kwa amani. Uzito nao unasema: boksi la shaba unaliinua kwa mikono miwili, lile jingine unalining'iniza kwenye kidole.

Upande wa umeme tulijifunza kwa betri. Betri za volti 12 za saizi ya tofali dogo, zinazotolewa kwenye UPS za maofisini, zinapatikana kwa bei ya vyuma chakavu, na nyingi zimeshakufa kweli. Lakini hata mpya zinadanganya. Ya asidi na risasi yenye ujazo wa Ah 7 (ampia-saa) halisi ina uzito uliozidi kilo 2 kidogo. Iliyoandikwa Ah 20 haiwezi kuwa na uzito huo huo. Soko la Lushoto halikosi mizani, na muuza viazi mmoja amenizoea sana. "Mwalimu, leo unapima mbatata za chuma?" Nikikuta Ah 20 ina kilo mbili na nusu, naishukuru naiacha. Ni kipimo cha bure na hakijawahi kuniangusha.

Tukanunua pia redio mbili za MikroTik, SXT, kwa sababu moja tu iliyoandikwa kwenye karatasi ya vipimo: zinapokea volti 8 hadi 30. Maana yake inaweza kula moja kwa moja kwenye betri ya sola, betri ikiwa imejaa au imechoka, bila kibadilishi chochote katikati. Kwenye tuta lisilo na umeme, kila kifaa unachokiondoa njiani ni safari moja ya kupanda mlima umeokoa. Zilikuwa ghali kuliko za mtumba. Sijawahi kuzijutia.

Kuhusu kuagiza China, watu huniuliza sana, na jibu langu linawakatisha tamaa. Redio zenyewe siagizi. Kifaa cha redio kinahitaji kibali cha kuthibitisha aina ya kifaa, mzigo ukizuiliwa unalipia kila siku, na toleo utakalotumiwa hulijui. Ninachoagiza ni vidude vidogo: vibodi vya kupandisha na kushusha volti, vichwa vya kebo, vigawa umeme. Vyepesi, vinakuja na ndege kwa kilo. Betri hazipandi ndege kirahisi, hizo ni za meli, na meli ni subira ya kama miezi miwili. Tuliungana na fundi simu wa Lushoto mjini na muuza sola wa Mombo, kila mtu akaweka oda yake, tukajaza mzigo mmoja. Wakala wa mizigo hachukii mteja mdogo, anachukia mteja mdogo anayepiga simu kila asubuhi. Ikawa kazi ya kupiga simu tumempa mmoja.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. AlterMundi wa Argentina na wenzao walibuni ruta yao wenyewe, LibreRouter, yenye redio tatu: moja ya GHz 2.4 ya watumiaji na mbili za GHz 5 za kupokezana, yaani ule ugonjwa wa kusikiliza na kusimulia umetibiwa tangu kiwandani. Niliitamani sana. Lakini kuleta nne au tano kutoka ng'ambo, usafiri unakaribia kuwa mkubwa kuliko ruta. Tukaiga wazo: kwenye kila tuta redio mbili za mtumba zilizopeana mgongo, moja inatazama mawimbi yanakotoka, nyingine yanakokwenda, na kebo fupi kati yao. Sura yake si nzuri. Kasi ya ofisi ya kata ilipanda hadi tukadhani kipimo kimekosea.

Nguzo, kwa kifupi, usinunue dukani. Mwanzo tulitumia magogo ya mikaratusi, yakapinda kwa ukungu na jua, redio zikawa zinatazama mahindi. Fundi wa kuchomelea wa Soni akatutengenezea vishikio kwa mabaki ya bomba na plati, akitoza nusu ya bei ya vile vya kununua, na kipimo akichukua kwenye redio yenyewe, si kwenye maneno yangu. Kebo inapoingia nyumbani iache ining'inie kama goti chini ya tundu, maji yadondokee hapo. Mpira wa tyubu ya baiskeli ni mzuri kwa kufunga viungo, mwaka mmoja tu, kisha unabadilisha.

Paa lenye kuona mbali kuliko yote kijijini ni la bibi mmoja mjane. Nilikwenda kuomba mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kujua kwa nini mwalimu wa kike ndiye atakayepanda juu ya bati. Mara ya pili aliuliza swali la maana: "Mwanangu, hicho kitu hakitaniitia radi?" Sikumwambia haiwezekani. Nilimwambia tutakiweka chini ya kimo cha mparachichi wake, na tutachimbia bomba la chuma la mita moja na nusu nyuma ya bafu, palipo na unyevu siku zote, na waya mnene utoke kwenye nguzo hadi hapo. Aliridhika na bafu kuliko alivyoridhika na fizikia. Waya ule mnene wa shaba ulikula hela kuliko redio iliyoko juu yake, na kamati ilininung'unikia. Masika ya mwaka uliofuata radi ilipiga mti wa jirani. Redio ikanyamaza siku moja, tukabadilisha kibodi cha shilingi elfu chache, ikarudi.

Nilipojumlisha daftari la miaka miwili ya kwanza, redio na ruta zote pamoja hazikufika theluthi ya matumizi. Zilizobaki ni kebo, nguzo, betri, vishikio, nauli na chakula cha vijana waliokuwa wakipanda. Kwenye maombi ya mchango nilikuwa nimeandika kinyume chake, na mweka hazina wetu, mzee mstaafu wa posta, bado ananikumbusha.

Hivi sasa kifaa tunachokihitaji hakiuzwi Kariakoo. Kati ya paa la bibi na zahanati ni kilomita 2, na redio hazitaki kuonana kwa uzi tu; zinataka nafasi iliyovimba katikati kama mpira wa raga, na kwa GHz 5.8 katikati ya kilomita 2 uvimbe huo una nusu kipenyo cha mita 5. Kuna mkaratusi umeingia humo. Tulipoanza ulikuwa mfupi, sasa umevuka, na ukinyeshewa majani yake yanakunywa mawimbi kama sifongo. Mwenye mti hana shida na intaneti, wajukuu zake wanaitumia. Ila mti ule ameuweka kwa ajili ya paa la nyumba ya mwanawe anayeoa, na nyumba inasubiri mahari, na mahari inasubiri bei ya viazi. Nimepanda juu nikapima: mlingoti wa zahanati ukiongezwa mita 3, tutapita juu yake kwa mwaka mmoja, labda na nusu. Fundi wa Soni ameniambia bomba la inchi mbili analo, limelalia nyuma ya karakana, nije Jumamosi na redio ili achukue kipimo.